Chiriku wenye tongotongo: kilishio cha ndege kizimbani

Majira ya baridi ya mwaka 1994, wakazi wa vitongoji vya Washington, upande wa Maryland na wa Virginia, walianza kuona ndege wagonjwa uani kwao. Walikuwa chiriku wanaokuja kila siku kula mbegu za alizeti kwenye vilishio, yaani vyombo vya kuwekea ndege chakula, vilivyotundikwa mitini na barazani. Macho yao yalikuwa mekundu na yamevimba, mengine yamezibwa kabisa na tongotongo lililokauka. Wenzao waliporuka kwa kushtuka, wao walibaki pale pale, manyoya yametutumka, wakisugua uso kwenye tawi. Mtu aliweza kumsogelea ndege wa namna hiyo mpaka karibu kumshika.

Wamarekani humwita house finch, na jina lake la kisayansi ni Haemorhous mexicanus. Ni wa ukoo mmoja na chiriku wetu: mdomo mfupi, mnene, wa kupasulia mbegu, na mlio wa kuchonga usiokwisha. Dume ana wekundu kichwani na kifuani, ambao mwili wake huupata kutokana na chakula anachokula. Jike ni wa kahawia, mwenye michirizi. Katika uchambuzi huu nitamwita chiriku tu.

Nimechagua kisa chake kwa sababu kilishio kimo ndani yake mara mbili. Kiliwakusanya ndege mahali pamoja wakaambukizana. Tena kiliwakusanya mbele ya dirisha la mtu anayehesabu, vinginevyo wangefia vichakani na tusingejua lolote. Anayesema vilishio vyote viondolewe anaitazama nusu moja ya habari, na anayesema kulisha ndege hakujawahi kudhuru hataki kuitazama hata hiyo nusu.

Ndege walioachiwa New York

Kwa asili chiriku huyu si wa mashariki. Kwao ni Mexico na magharibi ya Marekani, kwenye nchi kavu na vichaka. Wafanyabiashara walikuwa wakiwanasa California na kuwauza New York kama ndege wa kufugwa vizimbani, na ili kuvuta wateja waliwapachika jina la Hollywood. Biashara hiyo ilikuwa haramu, kwani sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamaji ilikataza kunasa na kuuza ndege wa porini. Mwaka 1940, mkono wa sheria ulipokaribia, baadhi ya wauzaji waliwaachia ndege wao huko Long Island ili wasikutwe na ushahidi.

Katika muda wa miaka hamsini hivi, uzao wa ndege hao ulienea mashariki yote ya Marekani na kuingia kusini mwa Kanada, ukakaribia kukutana na ndugu zao wa magharibi kwenye nyanda za katikati ya bara. Walizoea watu upesi. Hutaga kwenye vyungu vya maua vinavyoning'inia barazani, hata kwenye mashada yanayotundikwa mlangoni wakati wa Krismasi, na chakula chao cha baridi ni kile wanachowekewa na wenye nyumba.

Ukitaka kuelewa kilichofuata, kumbuka mambo mawili hapa. La kwanza, wa mashariki walitokana na ndege wachache, na vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba hawatofautiani sana wao kwa wao wakilinganishwa na wale wa magharibi. La pili, ambalo kwangu ni kubwa zaidi, hawa ni ndege wa kundi, na kilishio kimoja chenye vitundu sita au vinane kinaweza kuwa na foleni mchana kutwa.

Ugonjwa uliotoka bandani

Sampuli za ndege wagonjwa zilifika kwa madaktari wa mifugo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Walichokikuta ni Mycoplasma gallisepticum. Kwa mfugaji wa kuku hilo si jina geni. Ndiye bakteria anayeleta ugonjwa sugu wa njia ya hewa, ule ambao maduka ya pembejeo huandika CRD na wafugaji wengi tunauita mafua tu: kuku anakoroma, anapiga chafya, anatoa kamasi, hataki kula, na mayai yanapungua. Kwa bata mzinga huvimbisha uso. Hupita kwa hewa, kwa vyombo, na hata kutoka kwa mama hadi kwa kifaranga ndani ya yai. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi, na ndiyo maana wafugaji huandikiwa tailosini au dawa za jamii ya tetrasaiklini.

Kwa chiriku alishuka zaidi machoni. Utando wa ndani ya kope huvimba, uchafu hutoka, jicho hufunga. Kinachomuua ndege huyu mara nyingi si bakteria mwenyewe. Maabarani, akiwekewa chakula na maji mbele yake, chiriku mgonjwa kwa kawaida huishi na wengi hupona. Porini asiyeona hapati mbegu, hamwoni paka wala kipanga, na usiku wa barafu unamkuta na njaa.

Peninsula ya Delmarva, inayogawanywa na Delaware, Maryland na Virginia, ni kitovu kikubwa cha ufugaji wa kuku wa nyama, na iko jirani na mahali wagonjwa wa kwanza walipoonekana. Kunyooshea kidole mabanda hayo ni rahisi, lakini hakuna aliyeshuhudia bakteria akivuka. Vipimo vya jeni vinasema jambo dogo zaidi lakini la uhakika: sampuli za chiriku wa sehemu mbalimbali zilifanana kiasi cha kuonyesha kuwa chanzo kilikuwa kimoja. Alivuka mara moja akatulia, na baada ya hapo chiriku walimalizana wenyewe kwa wenyewe.

Nao hawakuwarudishia kuku mzigo mkubwa. Kuku walipoambukizwa kwa makusudi bakteria wa chiriku, waliugua kidogo tu.

Watu wa dirishani

Tauni nyingi za ndege wa porini hupita bila kuonekana. Mzoga mdogo huliwa usiku huo huo. Hii iliandikwa tangu karibu na mwanzo wake, hatua kwa hatua, kwa sababu tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakihesabu.

Mwaka 1976, huko Ontario, Kanada, kituo cha ndege cha Long Point kilianzisha hesabu ya ndege wa kwenye vilishio, kazi iliyobuniwa na mtaalamu Erica Dunn. Mwaka 1987 Long Point na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, waliipanua ikawa ya Amerika Kaskazini yote, kwa jina la Project FeederWatch. Mtu yeyote huruhusiwa kushiriki: mstaafu, mwalimu na darasa lake, mgonjwa asiyetoka nyumbani. Kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua anachagua siku mbili zinazofuatana, anaangalia kilishio kadiri anavyopata nafasi, na kuandika.

Kanuni yake moja inafaa kusimuliwa, maana ndiyo inayoipa hesabu hii heshima. Hujumlishi ndege uliowaona. Unaandika idadi kubwa kabisa ya aina moja uliyoiona kwa mara moja. Wakija watatu asubuhi, watano mchana, wanne jioni, jibu ni watano. Huwezi kujua kama watatu wa asubuhi hawamo ndani ya watano wa mchana, na kwa kanuni hii hulazimiki kujua. Wahesabuji wageni hulalamika kwamba inawanyima ndege wao. Ni kweli inawanyima, na takwimu zinapona.

Taarifa za macho yaliyovimba zilipozidi, Cornell walianzisha Novemba 1994 uchunguzi wa pembeni kwa ajili ya ugonjwa huu peke yake. Fomu yake haikuhitaji elimu ya udaktari. Siku hii, je, umeona chiriku? Kama ndiyo, wapo wenye macho mabovu? Waandaaji waliomba kwa msisitizo kwamba anayeona chiriku wazima tu naye atume fomu. Huo ndio uamuzi uliookoa uchunguzi mzima. Watu kwa kawaida huripoti balaa. Ukipokea taarifa za wagonjwa pekee, ramani itakuonyesha mahali wenye bidii ya kuandika wanapoishi, basi. Fomu yenye chiriku ishirini na mgonjwa sifuri ndiyo inayokuwezesha kusema mwezi uliopita ugonjwa haukuwapo hapa, mwezi huu umefika.

Ramani ilivyojaa

Kutoka vitongoji vya Washington ugonjwa ulisambaa pande zote, na katika miaka michache ulikuwa umekamata karibu eneo lote la chiriku wa mashariki. Mwaka 2002 ulionekana Montana, miongoni mwa wale wa asili ya magharibi, kisha ukaendelea kuelekea pwani ya Pasifiki. Aina nyingine za jamii ya chiriku zinazokula kwenye vilishio hivyo hivyo, hasa yule wa manjano Wamarekani wamwitaye goldfinch, ziliambukizwa pia, ingawa hazikuumia kwa kiwango hicho.

Mwaka 2000 Wesley Hochachka na André Dhondt wa Cornell walichapisha walichokikuta baada ya kulinganisha taarifa za ugonjwa na hesabu za ndege za miaka mingi. Mahali chiriku walipokuwa wengi sana, zaidi ya nusu walitoweka. Mahali walipokuwa wachache, upungufu ulikuwa mdogo. Mwisho wake maeneo yaliyokuwa yametofautiana sana yalikaribiana, kama vile ugonjwa umeweka dari ambayo hakuna kundi linaloruhusiwa kuipita. Kwa wasomi wa magonjwa hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa nadharia ya maambukizi yanayotegemea msongamano ilikuwa imeandikwa sana kuliko ilivyokuwa imeonekana kwa ndege wa porini, tena kwa ukubwa wa nusu bara.

Tuliofuga kuku tungeweza kuwadokezea, maana banda lililojaa ndilo linaloteketea.

Mwaka nao ulijionyesha kuwa na mapigo yake. Wagonjwa huongezeka vuli, wakati makinda wa mwaka huo, ambao miili yao haijawahi kukutana na bakteria, wanapojiunga na makundi na kumiminika kwenye vilishio. Huongezeka tena, kwa kiasi kidogo, mwishoni mwa baridi. Wakati wa kutaga hupungua, kwani kila jozi iko kwenye shughuli zake.

Ushahidi dhidi ya kilishio

Msongamano ni tuhuma ya jumla. Swali la kesi ni jembamba zaidi: kilishio chenyewe, kile kidude cha plastiki chenye vitundu, kinahusika vipi?

Uchunguzi wa mwanzo wa taarifa za wahesabuji ulikuta kwamba nyua zenye vilishio vya bomba, vile virefu vyenye matundu ubavuni, zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na chiriku wagonjwa. Sababu inayotajwa unaweza kuiona kwa macho: ndege huingiza kichwa ndani ya tundu kufuata mbegu, na jicho linagusa ukingo. Akiondoka, anayefuata anagusa hapo hapo. Dhondt na wenzake walilipima jambo hilo kwa kuwapa ndege wazima kilishio kilichotoka kutumiwa na wagonjwa, bila wao kwa wao kukutana. Walioambukizwa walikuwepo, ila ugonjwa wao ulikuwa mwepesi. Kwa hiyo kilishio kichafu kinaambukiza, lakini si kwa ukali tulioukisia, na bakteria huyu nje ya mwili hadumu sana.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Blacksburg, Virginia, kwa watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech wakiwa na mwenzao Dana Hawley. Chiriku wa porini walivalishwa chipu ndogo, na vilishio vikawekewa antena inayoandika nani amekaa na kwa muda gani. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015 na James Adelman na wenzake, yalionyesha kwamba waliokaa zaidi kwenye vilishio ndio walioelekea zaidi kuugua. Kisha wakaingia maabarani na kuanzisha milipuko ya kutengeneza. Mgonjwa wa kwanza alipokuwa mlaji wa kudumu, ugonjwa ulienea upesi. Alipokuwa mtu wa kupitapita tu, ulisuasua. Urafiki wa ndege na ndege ulieleza machache kuliko muda wa kukaa kilishioni.

Naona kuna jambo la kusikitisha kidogo katika utafiti mwingine wa chuo hicho hicho, wa mwaka 2010. Madume wazima walipewa nafasi ya kuchagua wale jirani na mwenzao mzima au jirani na mgonjwa. Walimchagua mgonjwa. Chiriku mzima hugombana, hudonoa, hufukuza, na mgonjwa hana nguvu hizo, kwa hiyo ukila kando yake unakula kwa amani. Uani, mahali nafasi za kulia zinagombaniwa, unaweza kuona amani hiyo inampeleka wapi.

Wengi hapa hutoa ushauri unaosikika wa busara: basi weka vilishio vingi, ndege watawanyike. Mwaka 2018 watafiti hao hao walilijaribu hilo kwa makundi ya ndege yenye idadi sawa, mengine yakiwa na vilishio vingi na mengine vichache. Penye vingi ugonjwa ulienea zaidi. Nafasi zilizoongezeka ziliongeza migusano. Kwenye ua halisi kuna zaidi ya hapo, kwa kuwa vilishio vingi pia huita ndege wengine kutoka mbali, ingawa jaribio lile halikuhitaji hata hilo ili matokeo yageuke mabaya.

Hukumu yangu ni kwamba kilishio hakikuuzaa ugonjwa, na bado chiriku wangeambukizana bila hicho, maana ni ndege wa kundi. Kiliupa kasi, kikaupa na mahali pa kudumu vuli hadi vuli. Anayelitaja hilo hawakosei heshima wapenda ndege, ambao ndio waliolikusanya sehemu kubwa ya ushahidi.

Pande zote mbili zilibadilika

Baada ya miaka kumi na kitu, chiriku wa Alabama, waliokuwa wameishi na ugonjwa, na wa Arizona, ambao haukuwa umewafikia, waliambukizwa bakteria yule yule. Wa Alabama walimmudu vizuri zaidi. Camille Bonneaud na wenzake walichapisha hilo mwaka 2011, kama ushahidi kwamba uteuzi wa asili ulishafanya kazi yake mbele ya macho yetu.

Ungetarajia bakteria naye alegee. Hakulegea. Mwaka 2013 Hawley na wenzake walionyesha kwamba baada ya kutulia mahali, aina zilizokuja baadaye zilikuwa kali kuliko zilizotangulia, mashariki na vilevile magharibi. Sababu mojawapo ilielezwa mwaka 2018 katika kazi iliyoongozwa na Arietta Fleming-Davies. Chiriku aliyepona anapata kinga, ila kinga nusu. Inamzuia bakteria mpole asimwingie tena, na bakteria mkali anapenya. Ndege waliopona wakishakuwa wengi, mpole hana pa kwenda na mkali anabaki na uwanja.

Kilishio kinarudi hapa kwa mlango wa nyuma. Ndege asiyeona sawasawa, akiwa na alizeti isiyokwisha mahali anapopajua, huishi siku za ziada ambazo porini asingezipata. Kwa mwenye nyumba hizo ni huruma, na kwa bakteria ni siku za ziada za kuambukiza. Mimi binafsi hoja hii ndiyo hunisumbua zaidi kuliko ya uchafu. Uchafu unaoshwa.

Uani

Ya kufanya ni mafupi. Kilishio huoshwa kila baada ya wiki mbili hivi, na mara nyingi zaidi penye wagonjwa: maganda yaliyogandamana yanasuguliwa kwa maji ya sabuni, kisha kinalowekwa kwenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa tisa za maji, kinasuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kujazwa tena. Maganda yaliyoanguka chini yanazolewa. Ukiona jicho lililovimba, vilishio vyote vinashushwa kwa muda ili kundi litawanyike.

Usitie dawa ya kuku kwenye mbegu wala kwenye maji. Najua tunaotoka kwenye nyumba za kuku mkono huenda kwenye tailosini wenyewe, lakini huwezi kujua nani amekunywa kiasi gani, na aliyepata nafuu nusu huendelea kukaa kilishioni. Kumkamata na kumtibu mwenyewe nako ni kosa kisheria huku Marekani. Wapo watu wenye leseni ya kuwauguza ndege wa porini, nao ndio wa kupigiwa simu. Ukiwa na kuku nyuma ya nyumba, kama walivyo wengi sasa hata vitongojini, usiweke kilishio juu ya banda wala karibu nalo, na usivae viatu vile vile ukitoka kuzoa maganda. Binadamu hapati ugonjwa huu, kunawa mikono kunatosha.

Linalobaki ni jirani. Ukishusha chako na yeye akaacha chake, wagonjwa wako wote watahamia kwake kabla ya jioni, na kundi litakuwa limebanana zaidi ya lilivyokuwa. Kwa hiyo unagonga mlango, unamweleza ulichokiona, na mnashusha vyote siku moja. Kama ni mhesabuji wa FeederWatch, siku hiyo bado anaiandika: chiriku wangapi aliwaona kwa mara moja, na wangapi kati yao macho yao yalikuwa mabovu.